Barua kwa mwanangu: tawi lilitikiswa, au lilitikisika?

Tanga

Mwanangu,

Marahaba. Barua imefika, na rasimu ya insha imefika nayo. Huku wote wazima. Bibi yako anauliza kama baridi ya huko Marekani imeanza kulegea.

Insha yako juu ya A Separate Peace, riwaya ya John Knowles, nimeisoma mara mbili, kalamu mkononi. Kiingereza chako sina neno nacho. Kasoro iko aya ya tatu, na ikibaki hivyo mwalimu wako atakukata alama, na atakuwa na haki. Umeandika kwamba Gene, anayesimulia, alimwangusha rafiki yake Finny kutoka mtini kwa sababu aliamini Finny anamharibia masomo. Ndivyo wanavyoandika wengi wanaoisoma A Separate Peace kwa haraka. Lakini fungua mwisho wa sura ya 3 na sura ya 4 ufuate mambo yalivyopangana, maana hapo mpangilio ndio hoja yenyewe.

Usiku ule wa ufukweni, Finny anamwambia Gene kuwa yeye ndiye rafiki yake mkubwa. Gene anatakiwa kujibu, hajibu. Asubuhi wanarudi shule, Gene anafeli mtihani wa trigonometria, na hapo ndipo linapomwingia lile wazo: kumbe Finny ananivuta chini makusudi, yeye awe wa kwanza michezoni na mimi nisiwe wa kwanza darasani. Sasa angalia wazo hilo linamfanyia nini. Linampa faraja. Kama Finny naye anamwonea gere, basi wako sawa, ngoma droo. Anasoma kwa bidii kuliko zamani na anaishi na Finny vizuri tu.

Kisha jioni moja Finny anamfuata Gene akiwa kwenye vitabu, anajiandaa kwa mtihani wa Kifaransa: twende kwenye ule mti wa kurukia mtoni, mwenzetu Leper amesema leo ataruka. Gene anafoka. Finny anashangaa kweli kweli. Anamwambia kama unahitaji kusoma, basi baki usome. Mimi nilidhani masomo yanakujia yenyewe, kama michezo inavyonijia mimi. Maneno hayo yanabomoa kila kitu. Gene anatambua hapakuwa na mashindano, hayakuwahi kuwapo, na kwamba yeye na Finny si watu wa daraja moja. Ni baada ya hapo ndipo wanapopanda mti. Kwa hiyo anapofika juu, kile kisingizio ulichomwandikia hana tena. Kilikufa njiani.

Hapa Kiswahili chako kitakusaidia kufikiri, hata kama utaandika kwa Kiingereza. Tuna wivu, na tuna kijicho. Mwenye wivu anataka na yeye apate. Mwenye kijicho anaumia kwa kuwa mwenzake anacho tu, hata kama yeye hakihitaji. Gene anaanza na wivu, na wivu unavumilika maana una mpinzani. Anapogundua upande wa pili hakuna mpinzani, kinachobaki ni kijicho. Ushahidi usiutafute mbali, upo sura ya 3, kwenye bwawa la kuogelea. Finny anavunja rekodi ya shule, Gene ndiye ameshika saa, shahidi mwingine hakuna. Gene anataka warudie mbele ya watu iandikwe rasmi. Finny anakataa, na anamkataza hata kusimulia. Katika rasimu yako tukio hilo halimo kabisa. Liweke. Bila hilo unamtuhumu Gene kwa hisia ambayo hujamwonyesha msomaji chanzo chake.

Sasa tawi lenyewe. Soma ile sentensi ya kuanguka polepole, kitenzi kwa kitenzi. Gene ameshika shina barabara. Anapiga hatua moja kumwelekea Finny. Magoti yanakunjika. Kisha analitikisa tawi. Mkono ulioshika shina ni wa mtu aliyejua, au aliyejilinda bila kujua, kwamba kuna mtu ataanguka na si yeye. Magoti lakini yamepewa kitenzi chao, kana kwamba yalijiamulia. Ndiyo maana nakuuliza: utasema Gene alilitikisa, au tawi lilitikisika? Kwa Kiswahili huwezi kukwepa, kiambishi kimoja kinatoa hukumu. Mwandishi ameisuka sentensi yake ili asikupe jibu rahisi, na insha yako ionyeshe alivyoisuka badala ya kukimbilia kusema “makusudi” au “bahati mbaya”. Ongeza na hili: Finny akishalala chini ukingoni, Gene anasogea kwenye tawi na kuruka mtoni bila woga hata kidogo, yeye aliyekuwa akiogopa kila siku. Watu wengi hulipita. Mimi ningelipa mistari minne.

Riwaya ina sura 13, na anguko liko mwisho wa sura ya 4. Maana yake sura 9 nzima ni habari ya kuishi na jambo lililokwisha kutendeka, nawe umezipa aya moja. Fuatilia ukweli unavyojaribu kutoka. Gene anakwenda kukiri nyumbani kwa kina Finny, karibu na Boston. Finny anakataa kusikia, na Gene anarudi nyuma kwa kuona kuwa kukiri kwenyewe kunamjeruhi tena. Baadaye, kwenye chumba cha wavuta sigara, wenzake wanamtania kwa kumshtaki kwa ajali ya Finny, naye anajibu kwa kutaja makosa ya uongo, moja baada ya jingine, mpaka anapofika kwenye tawi sauti inamkauka. Leper anamwambia waziwazi kuwa ndiye aliyemwangusha Finny, Gene anakipiga teke kiti chake. Mwisho ile mahakama ya usiku aliyoipanga mwanafunzi mwenzao Brinker kuichunguza ajali, Finny anatoka mbio na kuanguka kwenye ngazi za marumaru. Huko kote hakuna mahali Gene anaposema kila kitu, mbele ya watu, kwa hiari yake.

Usisahau shati la pinki. Finny alilivaa kusherehekea mabomu ya Marekani kudondoshwa Ulaya. Baada ya ajali, Gene analivaa yeye, anajitazama kwenye kioo, anajiona Finny. Hapo usiniandikie kuwa “anamkumbuka rafiki yake”. Anataka kuwa yeye. Ndiyo sababu maneno “marafiki wa dhati” uliyoyatumia mwanzo hayatoshi, na “maadui” hayatoshi pia.

Kuhusu vita, ile aya ya historia ifute yote. Mwalimu anajua Marekani iliingia vitani Desemba 1941. Vita viingize kupitia vitu vilivyomo shuleni. Ule mti wenyewe ni vita: wavulana wa darasa la juu waliruka kutoka pale kujizoeza kuacha meli inayozama. Finny anatangaza hakuna vita, ni uzushi wa wazee wanene, na anaanza kumfundisha Gene kwa Olimpiki ya 1944, ambayo kama unavyojua haikufanyika. Ukiishia hapo utamwona mcheshi. Nenda mpaka kitandani, mazungumzo yao ya mwisho, ambapo anakiri kuwa muda wote alikuwa akiandika barua kwa jeshi la nchi kavu, la majini, hata kwa Wakanada, wamchukue na mguu wake uliovunjika vile vile. Wote walimkataa. Basi Gene hakuwa peke yake aliyejitungia hadithi ili aweze kuvumilia. Na Finny naye alikuwa na yake. Hoja hiyo naiona nzito kuliko zote ulizoandika.

Mambo madogo. Kwa Kiingereza matukio ya riwaya huelezwa kwa wakati uliopo. Wewe umechanganya, ukurasa wa pili umejaa wakati uliopita. Nukuu usizidishe mstari mmoja, na namba ya ukurasa iandike pale pale unaponakili, usingoje mwisho. Usiandike “mwandishi alimwangusha”. John Knowles alisoma shule ya Phillips Exeter, na Devon, shule ya kina Gene, imefanana nayo, lakini anayesimulia ni Gene, tena mtu mzima aliyerudi shuleni baada ya miaka 15. Wako wawili humo, kijana na mtu mzima, na kila hukumu ujiulize ni ya yupi. Kuhusu kifo cha Finny, sema sawasawa: daktari alipokuwa akiunga mfupa wa mguu uliovunjika kwenye ngazi, uboho uliingia kwenye damu ukafika moyoni. Uliandika “alikufa kwa huzuni”. Hapana, baba.

Aya ya mwisho umeijaza maana ya urafiki. Itoe. Ishia kwenye mazishi ya Finny: Gene halii, kwa kuwa anahisi anazikwa yeye, na mtu hajililii kwenye maziko yake.

Nitumie rasimu ya pili kabla hujaikabidhi.

Baba yako