Shangazi, nitakulaje tofauti kwenye sinia moja?

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 31, nimeolewa, naishi Tanga. Tunakaa nyumba moja na mama mkwe, mawifi wawili na watoto wao. Hospitali wamenipa maelekezo ya chakula ambayo mtu anayejipikia mwenyewe angeyafuata bila taabu. Mimi ninachopika ni cha nyumba nzima, na hapo ndipo nilipokwama.

Nina PCOS, tatizo la homoni linalozuia mayai ya uzazi kupevuka kwenye ovari. Hedhi yangu inapotea miezi miwili, mitatu, halafu inakuja nzito ya kunilaza. Ndevu zinaniota kidevuni, na shingo kwa nyuma imekuwa nyeusi hadi watu wananishauri nisugue kwa limao na dodoki. Daktari wa wanawake ndiye aliyenieleza kwamba ule weusi si uchafu, ni dalili ya insulini, homoni inayodhibiti sukari, kuzidi mwilini. Altrasaundi ilionyesha vifuko vidogo vingi kwenye ovari zote mbili. Akanitoa hofu kwamba si uvimbe wa kukatwa, ni mayai yaliyokwama kabla ya kupevuka. Kipimo cha damu cha wastani wa sukari kwa miezi mitatu kilisoma asilimia 6.0. Kisukari kinahesabiwa kuanzia 6.5, na asiye na tatizo anakuwa chini ya 5.7. Mimi nipo katikati.

Alivyonieleza ni hivi: mwili wangu hauisikii insulini vizuri, kwa hiyo kongosho linatoa nyingi zaidi. Insulini hiyo nyingi inazichochea ovari zitengeneze homoni za kiume kupita kiasi, yai halipevuki, hedhi inakosekana. Wakati huohuo mwili unaweka mafuta, hasa tumboni, na njaa haiishi. Nilipoyasikia hayo nililia palepale, Shangazi, maana tangu usichana nimeambiwa nina uroho. Nina kilo 84. Daktari hanidai niwe mwembamba. Anasema kupungua asilimia 5 hadi 10 tu kunawarudishia wanawake wengi hedhi. Kwangu hizo ni kilo 4 hadi 8. Kanianzishia dawa ya metformini, miligramu 500, ninywe pamoja na chakula. Mwanzoni tumbo lilinisumbua sana, sasa limetulia.

Mtaalamu wa lishe naye alinichorea sahani: nusu mboga, robo samaki au maharage, robo wali au ugali. Nianze na mboga na samaki, wanga nimalizie, halafu nitembee kidogo baada ya kula. Nimekubali yote. Lakini nyumbani kwetu hakuna sahani. Wanawake na watoto tunakula sinia moja, wali wa nazi umejaa katikati, mchuzi wa samaki juu yake, kisamvu kwenye kibakuli pembeni. Nusu ya sinia la watu saba ni ipi? Nikichota kisamvu zaidi naonekana nawamalizia wenzangu mboga. Nikipunguza mkono, mama ananisogezea wali upande wangu na kunimegea mnofu wa changu, "Kula mwanangu, umepooza leo." Ni mwanamke mwema, sijawahi kusikia neno baya kinywani mwake. Ndiyo maana kukataa tonge lake kunaniuma.

Na kuna jambo zito zaidi. Tuna mwaka wa nne wa ndoa, hatujapata mtoto, nyumba nzima inasubiri. Nikiacha wali au maandazi ya asubuhi, mawifi wanatazamana: ameanza kuchagua chakula. Nyumba ya Kiislamu unaijua, mwanamke akiacha kuswali wenzake wanaelewa yuko kwenye siku zake. Mimi ninaswali miezi mfululizo bila kukatika. Ramadhani iliyopita nilifunga mwezi wote, na mama alikuwa akihesabu. Ilipofika Idi alinikalisha chumbani kwake, akafungua sanduku akanionyesha kanga mpya alizoniwekea, hakusema za nini. Baada ya wiki chache damu ikaja. Alipoona siendi kutia udhu hakusema kitu, ila siku ile hakula.

Kumbe kukosa hedhi, ambako yeye anakuona kheri, ndiko daktari anakokuogopa. Amenionya nisiache ipite miezi mitatu bila kurudi kwake, kwa sababu utando wa ndani wa kizazi ukijijenga bila kutoka, miaka ikienda unaweza kuleta saratani.

Mawifi wameshaniletea dawa ya chupa ya kusafisha kizazi. Sikuinywa na sitainywa, kwa sababu tatizo langu si uchafu wa kizazi, na sijui kilichomo kitapatana vipi na dawa ninayotumia. Hilo nina uhakika nalo. Ninachokosa ni maneno ya kuwaambia bila kuonekana nawadharau. Mume wangu anajua kila kitu na ananiunga mkono, ila anasema tusimwambie mama, atasononeka na mtaa mzima utajua. Nami namuuliza, kwani sasa hasononeki? Mume wangu mwenyewe hajapima. Daktari alisema wenye PCOS wengi wanapata watoto, na dawa za kusaidia yai kupevuka zipo, lakini lazima wote wawili tupimwe. Hilo bado tunavutana, na kwa kweli linanikera kwamba tumbo langu linatazamwa na ukoo mzima, na yeye hakuna hata mmoja anayemuuliza.

Pale ambapo naamua mwenyewe nimefanya ninachoweza. Ugali napika wa dona badala ya sembe. Chai nanywa ya tangawizi bila sukari. Bada, ule ugali wa muhogo, nimeipunguza ingawa naipenda sana. Mchana nikiwa peke yangu napika choroko na mchicha, nakula nashiba, na jioni sina ile njaa ya kutetemeka. Kwa hiyo najua mwili wangu unaitikia. Sihitaji orodha nyingine ya vyakula, hasa zile za brokoli na samoni wanazotumiana watu, ambazo hapa sokoni sizioni.

Ramadhani inakaribia tena. Dawa daktari amenipangia nizinywe wakati wa futari na daku. Futari yenyewe ndiyo inanitia hofu: tambi za sukari, mihogo ya nazi, viazi vitamu, magimbi, kaimati, uji mtamu, vyote mezani kwa pamoja. Wapishi ni mimi na mawifi, lakini mwenye kupanga ni mama, na anapanga kwa mapenzi.

Naomba unishauri, Shangazi. Je, nimwambie mama ugonjwa wangu kabla ya mwezi kuandama, hata kama mume wangu hataki? Nikimwambia, nianze na sukari, ambayo ataielewa maana dada yake anaumwa kisukari, au nianze na uzazi? Na kwa waliowahi kuishi nyumba ya sinia moja: kuna aliyepakuliwa pembeni bila kuonekana amejitenga, alifanyaje? Nawaomba hasa wakwe wanisaidie. Wewe ungependa mkamwana wako akuambie vipi?

Mimi mwanao,
Mke wa Watu, Tanga