Metformini na saratani ya ini: ulizeni kiasi kwanza

Ndugu Mhariri,

Mkiandika tena kwamba metformini, dawa ya kisukari iliyojaa maduka ya dawa, "imeua" seli za saratani ya ini maabarani, tunaomba mtaje kiasi. Anayemeza dozi ya kawaida huwa na takriban maikromola 10 hadi 40 za dawa hiyo kwa lita ya damu. Visahani vya maabara humiminiwa milimola 5, 10, hata 20 kwa lita (milimola moja ni maikromola elfu): zaidi ya mara mia.

Tena kuna mtego wa sukari. Maji ya kukuzia seli yanayotumika sana yana glukosi milimola 25, mara tano ya damu ya mtu mzima mwenye afya aliyefunga. Metformini huibana mitokondria, vinu vya nishati vya seli, lakini seli yenye sukari tele haijali; huivunja glukosi kwa njia nyingine na kutoa asidi. Maji yasipobadilishwa siku tatu, wekundu wake hugeuka njano, sukari huisha, seli zinakufa. Njaa imechangia kuua, sifa kachukua dawa. Kipimo cha MTT, kinachokadiria seli zilizo hai kwa rangi, nacho hupotosha: rangi yake ya zambarau hutegemea kwa kiasi fulani kazi ya mitokondria, hivyo hufifia hata seli zikiwa hai. Zihesabiwe seli zenyewe.

Jeni husema zaidi, zikipimwa mapema. RNA, yaani nakala zinazotolewa na jeni zikiwa kazini, ivunwe baada ya saa 6 na 24, kwa kiasi cha dawa kisichoua. Ukingoja nusu ya seli zife, utasoma dalili za kifo, si kazi ya dawa. Na GAPDH isiwe kigezo pekee cha kulinganishia: ni jeni ya njia ileile ya kuvunja glukosi inayoguswa na dawa hii! Ziwekwe mbili au tatu zilizothibitishwa kuwa haziyumbi. Kwenye PCR, mbinu ya kuzinakili nakala hizo ili zipimike, mzunguko mmoja ni maradufu, kwa hiyo mkono ukiteleza kidogo kwenye pipeti unaonekana ugunduzi. Vishimo vitatu vya sahani moja ni jaribio moja tu. Seli zipandwe upya siku tofauti, angalau mara tatu.

Mwisho, seli zipi? HepG2, seli za ini za maabara zinazopendwa mno, zilitoka kwa kijana wa Argentina na hazina virusi vya homa ya ini B. Seli nyingine, PLC/PRF/5, zilitoka kwa mwanamume wa Msumbiji: zimebeba jeni za virusi hivyo, na jeni yao ya p53, ambayo kazi yake ni kuzuia saratani, ina kasoro inayohusishwa na sumukuvu ya mahindi na karanga. Hizo ndizo jamaa wa karibu wa ugonjwa wa huku kwetu.

Wafanyakazi wa maabara ya seli,
Dar es Salaam