Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024

Wazee wetu, kina mama, vijana na wanachama wote, sisi Waendorois wa Ziwa Bogoria, hamjambo. Yale mnayoyajua nitayapita haraka: miche ilipandwa Loboi, semina ya ardhi ya jamii ilifanyika Marigat, bursari tulifuatilia. Asanteni kamati.

Sasa niingie kwa lile jambo ambalo limefanya nitukanwe kwa grupu ya WhatsApp tangu Agosti. Ndiyo, nilikataa kusaini ile fomu ya ridhaa ya watafiti waliotaka kuchukua sampuli na maarifa yetu, na wapo wanaosema nimewanyima vijana alawansi ya shilingi elfu moja kwa siku. Nimewasikia, lakini na mimi mnisikie. Fomu ilikuwa ya Kiingereza kitupu, na huko ndani imeandikwa kwamba mate ya wazee wetu, maji na tope la chemchemi za moto, na rekodi za dawa za miti, vyote vinaweza kutumiwa kwa utafiti mwingine wowote baadaye bila kuturudia. Nani hapa angeweka kidole?

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Sisi Waendorois tulitolewa kwenye ardhi yetu ya Bogoria 1973, na Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ikasema wazi 2010 kwamba tulidhulumiwa. Miaka ya tisini vijidudu vikachukuliwa kwa yale maji yanayochemka, vikatoa vimeng'enya, yaani enzymes, vya kufifisha jinzi na vya sabuni za kufulia huko ng'ambo, mwenye ziwa hata hana habari. 2011 UNESCO wakaandikisha ziwa urithi wa dunia, tena bila ridhaa yetu. Na si sisi tu, Wahavasupai, kabila la wenyeji wa Arizona kule Marekani, waliwapa watafiti wa chuo kikuu damu kuanzia 1990 wakijua ni ya utafiti wa kisukari, kumbe ikatumika pia kwa magonjwa ya akili na kutafuta asili ya mababu zao, wakaenda kortini mpaka 2010 ndio chuo kikakubali kulipa dola 700,000 na kurudisha damu iliyobaki. Wasan, jamii ya wenyeji wa Afrika Kusini, nao 2017 wakatoa kanuni zao wenyewe za utafiti, mtafiti akija anazikuta mezani.

Mimi sikukataa sayansi. Niliwaandikia watafiti barua, gharama nikatoa mfukoni mwangu, tukaomba fomu iwe kwa Kiswahili na Kiendorois, nakala ya data ibaki kwetu, na matokeo yasomwe barazani kabla hayajachapishwa. Sheria ya Kenya ya kulinda maarifa ya jadi ya 2016 inataka ridhaa ya jamii, kwa hivyo hatukuomba zawadi. Hawajajibu mpaka leo. Kwa kamati ya watu tisa, sita waliniunga mkono, wanaosema niliamua peke yangu wasome kumbukumbu za kikao. Kikao cha kujadili fomu mliitwa wote mkaja watu 19, halafu wale ambao hawakuja ndio wanaopiga kelele!

Hapo hapo niseme pesa. Daftarini tuko 186, waliolipa ada ya 500 ni 47, jumla 23,500, ukumbi na chai 9,200, fotokopi na usafiri 11,750, baki 2,550. Kwa hizo 2,550 mnataka wakili atusomee mikataba?

Mwaka ujao tunatarajia kuandika kanuni zetu za utafiti, Mungu akipenda na mfadhili akipatikana. Mweka hazina yuko hapo mlangoni na kitabu cha risiti.