Yah: Malalamiko kuhusu kipimo cha mkaa wangu wa vifuu na nilivyodhalilishwa kaunta

Ndugu Meneja,

Assalaam aleikum.

Kwa heshima zote, ripoti yenu ya kipimo cha eneo la uso wa mkaa wangu, pamoja na vitundu vyake vya ndani, naikataa. Taratibu zenu mnazijua, sitakusomesheni. Nauliza tu, nani alizifuata?

Kwenye karatasi ya kazi, uzito wa mkaa ni ule ule niliouandika mimi kwenye kifuko. Uzito baada ya kuondoa gesi na unyevu: kistari tu, hamkuandika kitu. Mkaa wa vifuu hunywa unyevu, na hewa ya visiwa hivi si ngeni kwenu. Usipopashwa moto kwenye ombwe, pasipo hewa, kwa saa kadhaa, vitundu vimeshajaa maji. Hiyo naitrojeni ya nyuzi −196 mnayopimia eneo ikae wapi? Kisha eneo mkaligawa kwa gramu zenye maji ndani yake! Na mstari wa BET, hesabu inayotoa eneo hilo, mkauchora kutoka shinikizo linganifu la naitrojeni la 0.05 hadi 0.30, bila kujali kuwa vitundu vya mkaa huu ni vidogo mno, C, namba ya hesabu hiyo ambayo lazima iwe chanya, ikatoka hasi. C hasi, Meneja. Mashine imekwambieni yenyewe hesabu haikubali, nyinyi mkapiga muhuri.

Nilimwonesha kijana wenu wa kaunta hiyo C. Hata hakuitazama. Akanambia mbele ya mnunuzi wangu: "Bi mkubwa, mkaa ni mkaa tu. Huu kachomee pweza Forodhani."

Naomba kipimo kirudiwe kwa gharama zenu, uzito uchukuliwe mkaa ukiwa mkavu. Pesa mlipokea siku ile ile ya sampuli, kabla hata ya kunambia mrija wa kupimia umevunjika nisubiri.

Na la kaunta nalirudia, lisije likakupiteni. Mnunuzi, mwenye hoteli Nungwi, kasimama ubavuni kwangu, kalamu mkononi. Kijana akanirushia kifuko, mkaa ukamwagika mezani, akaupangusa kwa ripoti yangu mwenyewe. Ndipo akasema hilo la pweza. Wenzake wakacheka. Mnunuzi akairudisha kalamu mfukoni.

Kwa hiyo kurudia kipimo peke yake hakutoshi tena. Nataka pesa yangu yote, na barua kwa mnunuzi yenye saini yako wewe, si ya kijana, ikieleza kosa ni la nani. Nakupeni siku saba. Zikipita, nakwenda Tume ya Ushindani Halali wa Biashara, na wakili nimeshazungumza naye.

Naambatisha nakala ya ripoti. Yenye vidole vya mkaa vya kijana wenu inabaki kwangu.

Mteja wenu,
Wete, Pemba