Mchanga hautibu meli yenye kichwa kizito

Mhariri,

Ukurasa wenu wa watoto husomwa na mjukuu wangu kila Jumamosi kabla mimi sijaachiwa gazeti nifike kwenye michezo. Wiki mbili zilizopita mlieleza namna ya kutengeneza meli ndogo ya kuendeshwa kwa rimoti. Maelezo ya mbao, gundi na mota sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni sentensi ya mwisho, iliyosema kwamba meli ikilalia upande, itiwe mchanga upande wa pili mpaka ikae sawa. Nimefanya kazi melini miaka 31, nikajua mtoto atakwama wapi, lakini nilinyamaza. Gazeti likishasema, babu ana neno gani?

Meli yetu ni tagi, zile fupi nene zinazovuta meli kubwa pale mlango wa bandari. Urefu sentimita 80, upana 24. Mjukuu aliijengea chumba cha nahodha kwa plaiwudi nene iliyobaki tulipotengeneza mlango wa choo, na betri akaipachika juu, karibu na sitaha, ili iwe rahisi kuitoa kuichaji. Tukaibeba mpaka uani kwa jirani, mwenye nusu pipa la kunyweshea ng'ombe. Tukaishusha, ikalala kushoto.

Mtoto akafungua gazeti. Akapima mchanga gramu 200, akautia kwenye soksi yake ya shule, akaiweka kulia. Tagi ikasita, ikajiinua taratibu kama mtu anayetafuta ndara gizani, halafu puu! Ikalala kulia, tena zaidi ya ilivyokuwa imelala kushoto. Akaihamishia soksi kushoto. Puu, kushoto. Ng'ombe anatutazama. "Babu, hii ina pepo."

Haikuwa na pepo. Kulalia upande kuna namna mbili, na ukurasa wenu umezichanganya. Kuna meli inayolala upande uleule kila siku. Ukiinyoosha kwa mkono, inarudi palepale. Hiyo mzigo wake haukugawanywa sawa, na hapo ushauri wenu unafaa, ingawa ni heri kuhamisha kilichomo kuliko kuongeza kingine. Na kuna hii ya kwetu: ukiisukuma kidogo inahamia upande wa pili na kukaa hukohuko. Hii haina upande mzito, ina kichwa kizito. Uzito umepanda juu mno, kusimama wima haiwezi, basi inatafuta pa kuegemea. Ukitia mzigo upande ulioinuka unaiangusha upande huo kwa kishindo. Kwenye meli ya kweli kishindo hicho kinaweza kuipindua. Ndiyo maana afisa wa sitaha hufundishwa kushusha uzito, na akilazimika kujaza matangi ya chini, aanze na yale ya upande ulioinama. Ukimwambia mtu wa nchi kavu hivyo anakuona umechanganyikiwa.

Tulichofanya ni kubomoa. Chumba cha nahodha tukakijenga upya kwa plaiwudi ya milimita 3. Betri tukailaza chini kabisa, juu ya mkuku, ule uti wa mgongo wa meli. Farumi, yaani mzigo wa chini wa kuituliza meli, tukatumia chubwi, zile risasi (madini mazito) za mishipi ya kuvulia, nilizonunua kwa wavuvi pale Feri. Mchanga una ubaya wake: kilo moja ya risasi huenea kiganjani, kilo moja ya mchanga inataka nafasi kama mara saba ya hiyo, kwa hiyo unarundikana na kupanda juu, kulekule tulikokuwa tunakukimbia. Ukilowa na kuhama, ndiyo basi. Maji nayo yasiachwe huru ndani ya ngama, chini kabisa tumboni mwa meli, hata kikombe kimoja, kwa sababu meli ikiinama nayo yanakimbilia hukohuko kuisaidia kuinama. (Risasi msiziyeyushe jikoni, moshi wake ni sumu. Na mtoto anawe mikono.)

Tagi ikiwa na kila kitu ndani ilikuwa na kilo 4.6, na ili ifike kwenye mstari wa maji tuliouchora ilitaka kama kilo 8.5. Kila kilo moja na nusu iliishusha karibu sentimita moja. Tulipanga chubwi mojamoja bila gundi, tukianzia katikati, huku mjukuu ameinamisha shavu usawa wa maji akiangalia mstari. Omo, yaani mbele, ilikuwa imezama kuliko tezi, yaani nyuma, na meli ya namna hiyo hulima maji na kuukataa usukani. Nikahamisha gramu 200 tu kutoka mbele kwenda nyuma, kiasi cha sentimita 30. Omo ikapanda karibu milimita 4, tezi ikashuka vivyo hivyo, rafadha, ile panga ya kusukumia meli, ikazama vizuri. Kisha nikabonyeza ubavu kwa kidole na kuachia. Asubuhi ilikuwa inabaki kulekule ulikoibonyeza. Sasa ikarudi yenyewe, ikayumba mara mbili tatu, ikatulia. Hapo ndipo tukazigandisha chubwi kwa silikoni ya mafundi wa madirisha.

Pwani ya Mji Mwema, maji yalipokupwa na kuacha vidimbwi, mtoto akalalamika kwamba mstari umepanda. Kweli ulipanda, milimita moja na ushee. Maji ya chumvi ni mazito kuliko ya bomba, yanabeba zaidi. Kwa sababu hiyohiyo meli kubwa zina alama tofauti za maji baridi na maji ya bahari ubavuni, karibu na ule mduara uliokatwa na mstari.

Mtasema mzee anahangaika na mchezo wa mtoto. Nchi hii ilizika watu wa MV Bukoba mwaka 1996, wa Spice Islander 2011 na wa MV Nyerere 2018. Kila siku navuka na pantoni kwenda Magogoni na kurudi, naona watu wazima wanavyosongamana mlangoni kabla haijagusa gati. Mtoto akishaona kwenye pipa la ng'ombe uzito unavyofanya kazi, hahitaji kuambiwa na askari asisimame pale.

Kwa hiyo naomba masahihisho Jumamosi ijayo, kwenye ukurasa uleule wa watoto. Msiyaweke kule nyuma kwenye matangazo ya minada, mjukuu wangu hafiki huko.

Baharia mstaafu,
Kigamboni, Dar es Salaam