Harambee ya chumba cha eksirei: kwa nini kuta ni nene na mlango ni mzito

Bwana Yesu asifiwe, washarika wapendwa, pamoja nanyi wana wa kwetu mlioko Dar es Salaam, Mbeya, Dodoma na kwingineko.

Dayosisi imetuahidi mashine ya eksirei kwa ajili ya kituo chetu cha afya, kwa sharti moja: tuwe na chumba cha kuiweka. Kamati ilipoleta makadirio ya shilingi milioni 38 kwenye mkutano mkuu wa usharika, mzee mmoja aliyesimamia ujenzi wa nyumba ya mchungaji alisimama akauliza lililokuwa mioyoni mwa wengi: chumba cha mita tano kwa nne kinakulaje fedha inayokaribia kujenga madarasa mawili? Swali hilo ni la haki. Anayeombwa jasho lake anastahili kujua linakwenda wapi, na barua hii ni jibu.

Tuanze na mashine yenyewe. Ndani yake mna chupa ya kioo iliyoondolewa hewa. Upande mmoja wa chupa kuna uzi mwembamba wa madini ya tangsteni, ambao hupashwa moto mpaka ukaanza kutoa elektroni, yaani chembe ndogo mno za umeme. Upande wa pili kuna kipande cha tangsteni hiyo hiyo. Kati ya pande hizo mbili huwekwa umeme wenye msukumo mkubwa mno. Majumbani mwetu tunatumia volti 230. Kupiga picha ya kiganja tu huhitaji kama volti 50,000, na picha ya kifua mara nyingi hupita 100,000. Msukumo huo huzirusha elektroni kwa kasi ya kutisha, zikagonga kile kipande, na pale zinapozuiwa ghafla ndipo mionzi ya eksirei inapozaliwa. Nguvu inayogeuka kuwa mionzi ni kama asilimia 1 tu. Iliyobaki yote ni joto, na ndiyo sababu ya kutumia tangsteni, madini yasiyoyeyuka mpaka joto lipite nyuzi 3,400. Mashine ya namna hii haivumilii umeme unaopanda na kushuka kama wetu wa jioni. Kwa hiyo ndani ya ile milioni 38 kuna stabilaiza, na waya mpya kutoka nguzoni.

Mionzi ikishatoka hupenya mwili, ila si sawasawa kila mahali. Hewa ya mapafuni huiachia karibu yote ipite, nyama huizuia kidogo, na mfupa, kwa sababu ya kalsiamu iliyomo, huizuia sana. Nyuma ya mgonjwa huwekwa bamba linalopokea kilichopita: penye mfupa hubaki peupe, penye hewa huwa peusi. Mtoto aliyewahi kukinga kiganja mbele ya kibatari akatazama kivuli chake ukutani amekwisha kuiona kanuni yenyewe.

Sasa, kitu kinachopenya kifua cha mtu mzima kitapenya pia ukuta wa tofali moja. Hapo ndipo fedha zinapokwenda. Kuta zitakuwa nene, zimejazwa zege bila kuacha uwazi. Mlango utakuwa na bamba la madini ya risasi katikati ya mbao, mzito kiasi cha kuhitaji bawaba maalumu. Mtaalamu wa mionzi atasimama nyuma ya kinga yenye kidirisha cha kioo chenye risasi ndani yake. Upande wa pili wa ukuta mmoja wa chumba hicho, kwa mujibu wa ramani, ndipo watakapoketi akina mama wanaoleta watoto kliniki. Kwenye ukuta ule hatutapunguza hata mfuko mmoja wa saruji. Na hata tungetaka kupunguza, Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania haitatupa leseni, na bila leseni mashine haiwashwi.

Masharti hayo yamelipiwa na watu waliotutangulia. Mwanafizikia Wilhelm Conrad Röntgen aliigundua mionzi hii tarehe 8 Novemba 1895 mjini Würzburg, Ujerumani, alipoona ubao uliopakwa kemikali unang'aa gizani ingawa chupa yake aliifunika kwa karatasi nyeusi nzito. Wiki chache baadaye alipiga picha ya kiganja cha mkewe, mifupa ikaonekana na pete kidoleni. Dunia ikaipokea kwa shangwe, bila kinga yoyote. Clarence Dally, aliyekuwa msaidizi wa mvumbuzi Thomas Edison huko Marekani, aliungua mikono kwa majaribio ya miaka kadhaa, akakatwa mikono, na mwaka 1904 akafariki kwa saratani. Leo tunajua. Picha moja ya kifua humpa mgonjwa mionzi inayolingana na ile ya asili, ya ardhini na angani, ambayo kila mwili hupokea kwa siku kama 10. Anayepigwa mara moja hana cha kuogopa. Anayepiga wenzake kutwa, mwaka hadi mwaka, ndiye anayehitaji ukuta. Tumesikia pia minong'ono kwamba chumba kitabaki na "sumu" hata usiku. Hapana. Swichi ikizimwa, mionzi imekwisha, kama taa ilivyokwisha.

Na faida yake? Ninyi mnaofanya kazi ya mbao mnaijua kuliko mimi. Msimu uliopita gogo lilimbingirikia kijana wetu mmoja mguuni. Mguu ulivimba, ngozi haikuchanika, na hapa kituoni hakuna aliyeweza kusema kama mfupa umevunjika au umeteguka. Akapakiwa juu ya lori la mbao, amelazwa kwenye turubai, mguu umefungwa kwa vipande viwili vya ubao na kanga ya mama yake, kuelekea mjini kwenye picha. Ulikuwa umevunjika mahali pawili. Kila kona ya barabara ile vipande vya mfupa vilikuwa vinasagana ndani ya nyama. Angepigwa picha hapa, angefungwa hogo siku ile ile.

Kuna wengine wanaokwenda kwa mganga wa kuunga kwa sababu nauli haipo, mfupa ukaunga ukiwa umepinda. Siwalaumu hata kidogo.

Kisha kuna kifua kikuu, ambacho kwetu si habari ngeni. Picha ya kifua inaweza kuonyesha dalili mapafuni hata kwa mtu ambaye bado hajaanza kukohoa sana. Shirika la Afya Duniani linaipendekeza kwa uchunguzi wa awali. Picha peke yake haithibitishi ugonjwa, makohozi lazima yapimwe, na kipimo hicho tayari tunakipeleka wilayani kila wiki. Kilichokosekana ni kumjua mapema nani apimwe. Nimonia ya watoto, sarafu iliyomezwa, moyo uliotanuka, vyote huonekana. Mama mjamzito ataendelea na ultrasaundi, ambayo haitumii mionzi.

Röntgen hakuchukua hataza, yaani hati ya kummilikisha peke yake, ya ugunduzi wake, ili kila mtu autumie, na fedha za Tuzo ya Nobeli aliyopewa mwaka 1901 aliziacha kwa chuo kikuu chake. Sisi tunaombwa ukuta tu.

Harambee ni Jumapili ya mwisho ya Agosti, mahindi yakiwa yameshaingia ghalani, baada ya ibada ya pili. Ahadi zinapokelewa kuanzia sasa kwa wazee wa mitaa, na risiti ya usharika hutolewa hapo hapo. Walio mbali waulizie namba ya malipo kwa mhasibu wa usharika, si kwa mtu mwingine. Asiye na fedha alete kuku, mayai, viazi au parachichi, vitanadiwa uwanjani kama kawaida. Vijana watachimba msingi wiki inayofuata. Kila mtaa ulete majembe na ndoo. Mchanga na kokoto tunavyo. Nondo, saruji na bamba la risasi hatuna, na mlango ndio utakaoagizwa kwanza kwa sababu hutengenezwa kwa oda.