Fundi, angalia prosesa kabla ya kunitajia bei

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na mafundi wetu wa kompyuta hapa Dar es Salaam, maana nusura nitoe laki tatu na nusu bure.

Nina kibanda cha video Mbagala Rangi Tatu. Kompyuta yangu ni Pentium 4 ya mtumba, ina Windows XP. Nilikuwa nikiweka DVD, watu wakianza kukimbizana tu picha inaganda, sauti inatangulia midomo, feni inavuma kama mashine ya kusaga. Wateja wanadai hela zao. Fundi aliitazama dakika mbili: "Mzee, hii imeshachoka, nunua nyingine."

Binti yangu akasema, "Baba, subiri kwanza." Akabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, likafunguka dirisha linaloonyesha prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, inatumika kiasi gani. Tukarudia diski ileile, kipande kilekile cha magari. Programu ya kuchezea video tuliyoikuta kwenye kompyuta ilikula asilimia 90 na ushee ya prosesa. VLC, programu nyingine ya aina hiyo, 55 hivi. Media Player Classic, tulipoiruhusu isaidiwe na kadi ya picha, ikatulia kwenye 30. Picha ni zilezile 25 kwa sekunde, zimebanwa kwa MPEG-2, mtindo wa kubana video za DVD. Kinachobadilika ni nani anazifumua, prosesa peke yake au na kadi ya picha. Hata ndani ya VLC, ile kazi ya kufuta mistarimistari inayotokea kwenye picha ina njia nzito na nyepesi. Tulipotoka Yadif, ile nzito, kwenda Blend, ile nyepesi, namba ilishuka mbele ya macho yangu.

Kisha diski zenyewe. Zetu zinapita mikono mingi, zimekwaruzika. XP ikishindwa kusoma mara kadhaa huiondoa deki ya DVD kwenye DMA, njia ya kupitisha data bila kuisumbua prosesa, na kuiweka kwenye PIO, na hapo prosesa ndiyo inayobeba kila kinachosomwa. Ukiweka diski mpya hairudi. Ilibidi binti yangu aifute ile chaneli ya deki kwenye Device Manager, orodha ya vifaa vya kompyuta, na kuwasha upya. Fundi hakugusa hapo kabisa.

Mafundi, sisi hela yetu ni ya viingilio vya mia tano. Fungueni lile dirisha la prosesa mteja akiwa amesimama hapo, mjaribu programu mbili tatu kwa diski yake mwenyewe, ndipo mtaje bei.

Mwenye kibanda,
Mbagala, Dar es Salaam